Siku ya Vinywaji Vyeupe

Ukiambiwa unywe vitu vyeupe tu, uliza: vyeupe kama nini? Mimi sikuuliza, na yeyote anayenijua atakuambia kwamba kutouliza si tabia yangu. Nauza jibini sokoni hapa Goma, huu ni mwaka wa kumi na tano, na wateja wameniita Mama Maswali. Mtu akinirudishia jibini langu namhoji mpaka ajute: uliliweka wapi, ulilifunika na nini, lilianza kunuka siku gani? Lakini siku ile muuguzi aliponipa karatasi ya maandalizi na kunieleza, niliitikia ndiyo, ndiyo, nikaondoka. Naandika haya kwa ajili yako wewe uliyepewa karatasi kama ile na unaona aibu kuuliza.

Damu ilianza wakati wa mvua, miezi ile ambayo maharagwe mabichi hujaa sokoni. Niliiona chooni asubuhi, nikasema ni bawasiri, nani hana bawasiri kati yetu tunaokaa kwenye viti vifupi tangu alfajiri? Jirani akaniletea majani ya kuchemsha. Nikanywa majuma matatu, yakanipa usingizi mzuri, damu ikaendelea. Kisha nikaanza kupungua. Kitenge kilichokuwa kinanizunguka mara moja na nusu kikawa kinanizunguka mara mbili na ncha inabaki. Wateja walinisifu kwamba nimekuwa kijana. Mume wangu, Papa Zawadi, ni fundi wa kujenga kwa mawe ya volkano, mtu wa maneno machache. Asubuhi moja alinitazama nikifunga kitenge, akaweka chini mfuko wake wa vyombo.

“Mama Zawadi,” akasema, “uko unaisha. Leo hapana soko. Twende kwa docta.”

Hospitali tuliyokwenda ilikuwa imejaa. Vita vilikuwa vimesogea karibu na Sake, mji jirani na Goma, na gari la majeruhi likifika, sisi wa matumbo tulisogea ukutani wenyewe bila kuambiwa. Ni vigumu kulalamika juu ya tumbo mbele ya mtu aliyefungwa shuka kwenye mguu usiokuwepo. Nilikaa kwenye benchi siku mbili. Siku ya pili nikaonana na daktari wa tumbo aliyekuja kwa muda kutoka Bukavu, upande wa pili wa ziwa, mtu mwembamba mwenye sauti ya chini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

“Mama,” akaniambia, “damu ya hivi inaweza kuwa kitu kidogo. Inaweza pia kuwa kansa. Kwa kugusa tumbo sitajua. Tuingize kamera kwa njia ya nyuma, tuone.”

Nilikuwa na miaka arobaini na tatu na watoto watatu. Neno lile liliniogopesha. Lakini nitasema ukweli: nyuma ya hofu kulikuwa na kitu kingine. Nilitaka kuona. Miaka yote hii nimeuza kitu kinachoingia matumboni mwa watu, na sijawahi kujua kinakwenda kufanya nini huko.

Muuguzi ndiye aliyenipa karatasi. Ilikuwa ya Kifaransa, naye akaitafsiri haraka kwa sababu watu walikuwa wengi.

“Siku tatu, hapana majani, sombe wala lengalenga, hapana maharagwe, hapana mahindi, hapana karanga. Tunda yenye mbegu, hapana. Kula muchele mweupe, mukate mweupe, kiazi bila maganda, yai, samaki bila mifupa.”

“Na siku ya mwisho?”

“Siku moja kabla ya kamera, hapana kula. Unakunywa vitu vyeupe tu. Na hii dawa ya unga, utaichanganya na maji litre nne.”

Karatasi yenyewe iliandikwa *clair*. Mimi shule nilifika mbali kidogo, neno hilo nalijua. Kwetu msichana mwenye ngozi nyeupe tunasema yeye ni *clair*, na wakweze wanafurahi. Kwa hiyo Kiswahili kiliniambia vyeupe, Kifaransa kikaniambia vyeupe, na siku tatu zote nilikula wali mweupe, mkate mweupe, viazi vyeupe. Ungekuwa wewe, siku ya nne ungekunywa nini?

Hapa lazima nimtambulishe Mama. Mama yangu alikuwa amekimbia kutoka milima ya Masisi na watoto wanne wa kaka yangu na ng’ombe mmoja. Huko nyuma aliacha kundi zima, na hakupenda kulizungumzia. Yule ng’ombe mmoja tulimweka kwa ndugu upande wa Lac Vert, kwa sababu hapa mtaani kwetu Murara hata mbuzi hula maboksi. Kila baada ya siku mbili Mama alikwenda huko kwa pikipiki kukamua, akarudi na maziwa kwenye kidumu. Kwa desturi yetu mama mzazi hakai nyumbani kwa mkwewe. Vita havikuuliza desturi. Alikaa kwenye chumba cha ndani, akala humo humo peke yake kama wazee wa kwetu wanavyokula, na Papa Zawadi akirudi kazini alikohoa mlangoni ili mkwewe apate kujificha. Walikuwa wanasalimiana kupitia ukuta.

Nilipomsomea Mama karatasi, uso wake ulichangamka kwa mara ya kwanza tangu afike.

“Vitu vyeupe! Docta ule iko mutu mwenye akili. Babu zetu walisema maziwa inasafisha mutu mpaka ndani.”

Akapanda pikipiki siku hiyo hiyo. Siku ya nne nilikunywa maziwa asubuhi, nikanywa mchana, na katikati nikanywa ile dawa yenye ladha ya chumvi na ndimu iliyosahauliwa. Sitakuficha kuhusu dawa ile. Saa ya kwanza hakuna kitu, unaanza kujisifu kwamba tumbo lako ni gumu. Saa ya pili usiwe mbali na choo.

Na choo chetu kilikuwa kimoja. Kanisa la jirani lilikuwa limepokea wanawake waliokimbia na watoto wao, choo chao kikajaa, nasi tukawafungulia chetu. Asubuhi foleni ilifika kwenye lango. Mara ya kwanza nilitoka mbio nikajipanga nyuma ya watu tisa, nikajikaza, nikaona nyota. Mwanamke mmoja mnene, mama wa mapacha, akanigeukia.

“Unatetemeka nini, mama?”

“Nimekunywa dawa ya docta. Ya kuosha tumbo.”

Aliwageukia wenzake akapiga makofi. “Mupishe mama wa dawa! Mupishe!” Tangu hapo kila nilipotokea, foleni ilipasuka katikati. Hata watoto walijifunza kupiga kelele: mama wa dawa, mama wa dawa! Watu waliopoteza nyumba walinipisha chooni, na sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko hiyo.

Siku ya kamera nilimwomba daktari asinilaze kabisa. “Niache nione,” nilisema. Akacheka kidogo, akanichoma sindano ya kupunguza uchungu, akageuza kioo cha kamera upande wangu. Nilijiona ndani. Nilitegemea giza, nikaona njia ya rangi ya waridi, yenye mikunjo, inayong’aa. Nikaanza kuuliza: hiki ni nini, na kile? Kisha kioo kikajaa ukungu. Daktari akamwaga maji, akavuta, ukungu ukarudi, mabaki meupe yameganda kwenye kuta. Alijaribu tena, kisha akasimama.

“Mama, jana ulikunywa nini?”

“Vitu vyeupe, kama mulivyosema.”

“Vyeupe kama nini?”

“Maziwa.”

Muuguzi aliweka mkono mdomoni. Daktari hakucheka. Alitoa kamera taratibu, akanifunika, akasubiri nikae vizuri. Kisha akachukua glasi ya maji, akaiinua dirishani, akaweka kidole nyuma yake.

“Unaona kidole yangu?”

“Ninaona.”

Akachukua kikombe cha chai ya maziwa cha muuguzi, cha kioo, akafanya vilevile. “Na sasa?”

“Sioni.”

“Basi, mama. Nyeupe yetu ni ile ya kuona kidole.”

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Si aibu ya kutojua, ni aibu ya kujua. Wazee wa kwetu waligandisha maziwa kwa kipande cha tumbo la ndama, na mimi nimekula mkate wangu kwa kazi hiyo: maziwa yakikutana na tumbo hugeuka jibini. Sijui kama daktari angekubali maelezo yangu, lakini kwenye kioo kile mimi nilitambua bidhaa yangu.

Aibu ilipopungua, Mama Maswali akaamka. Nilimshika daktari kwa mkono wa koti.

“Chai nyeusi?”

“Ndiyo, bila maziwa. Kama unaona chini ya kikombe.”

“Kwa hiyo chai nyeusi ni nyeupe, na maziwa meupe si meupe.”

“Ni hivyo.”

“Supu ya kuku?”

“Ichuje. Mafuta uitoe. Nyama hapana.”

“Maji ya sukari? Asali ndani ya maji ya moto? Soda?”

“Yote ndiyo. Soda nyekundu hapana, tutaona rangi yake tufikiri ni damu. Na maji ya matunda, ile ya kuchujwa tu, hapana maracuja na nyuzi zake.”

“Na mutu akisikia kizunguzungu?”

“Sukari. Na anywe maji mengi, hapana kungoja kiu.”

Kisha akatazama mlango. Kutoka upande wa Sake ulisikika mlio wa mzinga, mzito, ule unaousikia kwanza kwa miguu. “Mama, niko na nafasi moja tu, ya vendredi. Samedi ninapanda boti, na sijui kama nitarudi. Ukikosa vendredi, sina mahali pa kukutuma.”

Ilikuwa Jumatatu, na vendredi ni Ijumaa. Nilirudi nyumbani na dawa nyingine, nikihesabu siku kwa vidole, nikaanza tena wali na mkate.

Kwa mara hizo mbili nimejifunza mambo madogo ambayo hayakuwa kwenye karatasi. Dawa inanyweka zaidi ikiwa baridi: weka chupa kwenye beseni la maji, funika na kitambaa kilicholowa. Inywe kwa mrija, upeleke nyuma ya ulimi. Katikati ya glasi na glasi, lamba ndimu. Maji ya bomba yalikuwa yamekatika, tukachota ziwani, Papa Zawadi akayachemsha mara mbili. Yalinuka moshi lakini kidole kilionekana. Tafuta mafuta ya kujipaka kabla ngozi ya huko nyuma haijaanza kuwaka, usingoje kama mimi. Na siku tatu za wali mweupe usikae jikoni wakati wenzako wanapika maharagwe mabichi. Mimi nilikaa, nikalia kwa harufu tu.

Alhamisi, siku ya kinywaji, Mama alitoweka asubuhi. Tulimtafuta kanisani na kwa majirani. Adhuhuri akarudi kwa miguu, viatu mkononi, kidumu kichwani. Pikipiki zilikataa kwenda upande wa Lac Vert kwa sababu ya milio, naye alikwenda hivyohivyo na kurudi hivyohivyo, akipishana na watu wanaokimbia na magodoro. Alinimiminia kikombe akakishika kwa mikono miwili, kama anavyonipa tangu utoto wangu.

“Kunywa kidogo tu. Umekuwa mifupa. Docta hataona.”

“Mama, siwezi.”

“Kidogo.”

“Mama, ndiyo iliharibu siku ile. Nilikueleza.”

Alibaki ameshika kikombe. Kwetu hukatai maziwa ya mkono wa mama yako; kukataa ni kusema kuna kitu kimevunjika kati yenu.

“Nilikuwa na ngombe za kujaza mulima,” akasema. “Leo niko na moja. Sina kitu ingine ya kukupatia, mutoto yangu. Nikupatie nini sasa?”

Nililia, sikuficha. Nilikuwa na njaa, nilikuwa na hofu, na nilimpenda yule mzee aliyepita katikati ya vita kwa ajili ya kikombe ambacho singekinywa. Tungekaa hivyo mpaka jua lizame, kama Papa Zawadi asingekohoa nyuma ya ukuta.

“Mama,” alisema kwa sauti ya heshima, na nilishangaa, kwa maana zaidi ya salamu hakuwahi kumwambia neno. “Ile maziwa tuipatie watoto ya kanisa. Mimi nimenunua kuku. Supu yake inaomba mutu wa kuichuja vizuri, na hapa hakuna mwenye mukono kama yako.”

Kisha Mama akajibu kwa ukuta: “Leta kuku.”

Aliichuja kwa kitambaa changu cha jibini, mara tatu, mafuta akayaondoa kwa kijiko. Akainua glasi dirishani, akaweka kidole, akatikisa kichwa, akaichuja mara ya nne. Kuanzia hapo hakuna kilichopita mdomoni mwangu kabla ya kidole cha Mama. Chai, maji ya asali, hata maji matupu aliyakagua. Na alikaa nami siku ile yote, akiniuliza. Kamera inauma? Wanaume wanakuwepo? Wanaona kila kitu? Ukiwa mzee, wanakubali? Niliona fahari, nikasema kumbe maswali niliyarithi kwake.

Ijumaa benchi lilikuwa karibu tupu, watu waliogopa barabara. Daktari alikuwapo, begi lake limefungwa pembeni ya mlango. Safari hii kioo kilikuwa safi. Nilisafiri ndani yangu mwenyewe, kona kwa kona, nikasahau kuogopa, mpaka tukaikuta: kinyama chekundu, kama uyoga mdogo, kimesimama kwenye mkunjo na ncha yake inavuja damu.

“Ni hiki?” niliuliza.

“Ni hiki.” Akaingiza uzi wa waya, akakifunga shingoni, akakikata. Sikusikia chochote. Kikatoka, kikatiwa kwenye kichupa, nikaomba kukishika. Kilikuwa kidogo kuliko punje ya haragwe bichi.

“Sijui bado kama ni kansa,” akasema. “Kitavuka mpaka kwenda kupimwa. Kwenu kuna mutu mwingine mwenye damu sawa hii? Papa yako? Mama?”

“Hapana, docta. Papa alikufa kwa risasi. Mama yangu ni mzima, anatembea kutoka Lac Vert kwa miguu.”

“Sawa. Lakini uwaulize. Vitu hivi vinapenda familia.”

Kesho yake alipanda boti.

Mvua ziliisha nikingoja. Vumbi likaanza, watu wakaongezeka kanisani, jibini likakosekana sokoni kwa sababu barabara ya Masisi ilifungwa. Nilikaa na meza tupu nikitazama simu. Usiku nililala vizuri, ajabu. Ni mchana nilipokuwa nateseka. Kila simu ya wateja ilinipiga kifuani. Damu ilikuwa imekoma, lakini nilijua maziwa yanaweza kutulia juu na kuharibika chini.

Daktari aliponipigia, sauti ilikatika mara mbili. Mara ya tatu nikasikia vizuri: haikuwa kansa. Ilikuwa ile aina ambayo ingekuwa kansa kama ningeiacha miaka michache. Nirudie kamera baada ya miaka mitatu. Nilikaa chini, pale pale sokoni, katikati ya watu, nikacheka na kulia kwa pamoja, na wenzangu wakanimwagia maji wakidhani nimezimia.

Nilikimbia nyumbani kumwambia Mama. Alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Alinisikiliza, akafunga macho, akamshukuru Mungu kwa Kinyarwanda, lugha ya kwetu. Kisha akaendelea kuchambua, na bila kuinua kichwa akauliza:

“Docta ule anaweza kupokea mutu mwingine?”

“Mutu gani, Mama?”

“Na mimi niko naona damu.”

“Tangu lini?”

“Tangu kule Masisi. Kabla tukimbie.”

Boti za Bukavu zilikuwa zimesimama, kwa hiyo daktari alituelekeza kwenye hospitali ya ng’ambo ya mpaka. Mama alikula wali mweupe siku tatu. Akanywa dawa yote bila kukunja uso, na chooni alitangulia kwa kelele za wanawake wa kanisani, yeye ambaye hakuwahi kukubali mtu ajue kwamba anakwenda chooni. Walimkuta na kidonda kikubwa. Kilikuwa kansa. Kilikuwa hakijatoka nje ya utumbo, wakakikata pamoja na kipande cha utumbo wenyewe. Sasa ninapoandika amerudi kwenye chumba chake cha ndani, anatembea kwa kushika ukuta, na anagombeza wajukuu.

Siku ya nne baada ya kupasuliwa, nilipokuwa nampa maji kwa kijiko, nilishindwa kujizuia. Nilimuuliza kwa nini alikaa kimya siku zote zile, akinichujia supu, akiinua glasi dirishani, na yeye mwenyewe anavuja.

“Nilikuwa nangoja jibu yako kwanza,” akasema. “Kama yako ilikuwa kifo, sikutaka ubebe mbili.”